Tufundisheni Picha, Si Vitufe

Vijana wenzangu, leo naomba niseme wazi. Hizi kozi za kuhariri picha kwa kompyuta tunazouziwa mitaani, nyingi ni ubabaishaji mtupu. Mwanafunzi analipa ada, anakaa wiki kadhaa, anatoka na cheti na ujuzi wa kumng'arisha bibi harusi uso. Basi! Eti huyo ni fundi.

Mimi ni mwandishi chipukizi, elimu yangu kidato cha nne, na mswada wa riwaya ninao. Sisi tusio na mchapishaji, majalada yetu hutengenezwa na vijana wa kozi hizo hizo. Na tumeyaona: sura ya mhusika imevunjika vidoto vidoto, rangi imepauka kama kanga ya zamani. Mnunuzi anakirudisha kitabu mezani kabla hajasoma hata mstari mmoja.

Simlaumu kijana. Kozi niliyosoma mimi, hakuna aliyetuambia kwamba picha ya kompyuta ni nukta zinazohesabika. Picha yenye nukta 600 kwa upana, ukiichapa kwa nukta 300 kila inchi, utapata inchi 2 tu. Jalada la A5 linataka karibu 6. Hesabu ya shule ya msingi hiyo! Wala hatukuambiwa kwamba skrini huchanganya mwanga mwekundu, kijani na buluu, ilhali mtambo wa uchapaji hutumia wino wa samawati, majenta, manjano na mweusi; ndiyo maana rangi inayowaka kwenye skrini hufifia karatasini. Hata matabaka, yaliyoingia Photoshop tangu 1994, yalirukwa. Maandishi tabaka lake, picha tabaka lake. Ukikosea hili, lile linabaki salama.

Wapo watakaosema programu ni ghali. Sawa, Photoshop ni ghali. Lakini GIMP ni bure, na waliyoianzisha ni wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis; ikatoka 1996. Wanafunzi, jamani! Kwa nini basi tugawiwe nakala za wizi darasani? Sisi tunaolia vitabu vyetu vinatolewa kopi, tutamshtaki nani kwa mdomo upi?

Kabla hujatoa ada, muulize mwalimu mambo matatu: nukta, wino, matabaka. Akianza kukuonyesha vitufe, bwana, rudisha hela mfukoni.