Elimu ya Miti ya Dawa Ilindwe

Kwa miaka mingi wananchi wa Kyela, Busokelo na Rungwe, ambako mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo inateremka kwenda Ziwa Nyasa, wamekuwa wakigawiwa vidonge vya ivermectin kupambana na usubi. Asili ya dawa hiyo ni bakteria aliyepatikana katika udongo wa Japani, katika miaka ya 1970, kwa kazi ya Satoshi Ōmura. Mwaka 2015 yeye na mwenzake, William Campbell, walitunukiwa Tuzo ya Nobel. Konzi moja ya udongo imeokoa macho ya watu wengi.

Hapana shaka udongo na miti ya mwambao wa Nyasa nayo ina siri zake. Zamani kuzichambua kulihitaji miaka. Siku hizi kuna spektrometa ya tungamo, mashine inayozipa molekuli chaji ya umeme na kuzitenganisha kwa kufuata tungamo na chaji zake. Kimeng'enya cha kijidudu kikizuiwa na utomvu wa mti fulani, zao lake halitokei, na mashine huonyesha hivyo mara moja. Mashine za kisasa kabisa huweza kupima sampuli katika sekunde chache, au hata chini ya sekunde moja.

Lakini wepesi huo una hatari yake, na historia ya ziwa hili yatosha kuwa funzo. Katika safari ya Livingstone ya 1858 hadi 1864, John Kirk aliikuta sumu ya mishale, iitwayo kombe, katika bonde la Shire, mto utokao Ziwa Nyasa. Mswaki wake ulipoguswa na sumu hiyo, aliona mapigo ya moyo wake yamepungua. Sampuli zilipelekwa Edinburgh, ambako Thomas Fraser aliichunguza, na ikawa dawa ya moyo. Majina ya Kirk na Fraser yamo vitabuni. Ya mafundi wa mishale hayamo.

Mashine haijui ni mti upi mzee wa Matema au Ipinda huuchimba, wala kwa kipimo gani. Elimu hiyo imo vichwani mwa wazee, nao wanaondoka. Taifa lina vyombo vyake: kitengo cha tiba asili kilichoanzishwa Muhimbili mwaka 1974, Taasisi ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ya 1979 na kituo chake cha Mbeya, na Sheria ya Tiba Asili ya 2002. Kinachotakiwa ni utendaji.

Mwalimu aweza kuwaongoza wanafunzi waandike majina ya miti na matumizi yake, kwa ridhaa ya wenye elimu hiyo. Ofisa wa wilaya naye hana budi kuhakikisha kwamba hakuna sampuli inayoondoka bila mkataba wa maandishi, nakala ya sampuli hiyo kubaki nchini, na jina la mganga kuandikwa. Mashine yaweza kusubiri siku moja karatasi itiwe sahihi. Mzee akishazikwa, hakuna mashine ya kumhoji.