Anayetaka mlinzi aandae ua kwanza

MKULIMA wa Handeni au Korogwe anapoleta mtoto wa mbwa nyumbani, huwa tayari amepiga hesabu. Nyani na ngedere wanamaliza mahindi shambani, vicheche wanamaliza kuku, na wezi wanavizia mbuzi. Anahitaji mlinzi.

Hata hivyo, wengi humleta mlinzi huyo kwenye ua ambao haujaandaliwa, naye hufa kabla hajabweka hata usiku mmoja.

Wapo wanaosema mbwa ni mbwa, atazoea mwenyewe. Si kweli. Mbwa mchanga huijua dunia kwa mdomo. Kila anachokikuta hukilamba, hukitafuna au hukimeza.

Adui wa kwanza yumo ghalani. Sumu ya panya iliyochanganywa na unga au dagaa humvutia mbwa kama inavyomvutia panya. Hata panya aliyekufa kwa sumu anaweza kumdhuru mbwa atakayemla. Mizoga ya panya ikusanywe mapema na kufukiwa.

Dawa ya kuogeshea mifugo, dawa ya kuhifadhi mahindi na mafuta ya taa viwekwe juu, ndani ya sanduku lenye kufuli. Makopo matupu yasigeuzwe vyombo vya maji ya mbwa. Shimo la taka na la choo lifunikwe. Wenye ua wa mkonge wapunguze ncha za majani, kwani zinaweza kumtoboa jicho.

Kwa wafanyabiashara walio kando ya barabara kuu, kuanzia Mkata na Kabuku hadi Segera, Korogwe na Mombo, hatari kubwa ni magari. Mtoto wa mbwa akae bandani mchana, penye kivuli na maji, na afunguliwe jioni ndani ya uzio.

Lakini ua salama bila chanjo ni kazi nusu. Mbwa anayezurura akiingia uani na kumng'ata mdogo huyo, kichaa cha mbwa kinaweza kuingia nyumbani. Hapo hasara hugeuka msiba, kwa sababu wa kwanza kucheza naye ni watoto. Binadamu akishaonyesha dalili za ugonjwa huo, kupona ni nadra mno.

Mtoto wa mbwa apelekwe kwa mtaalamu wa mifugo mapema kwa dawa ya minyoo, na achanjwe anapofikisha miezi mitatu. Chanjo hurudiwa kila mwaka. Mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Asingoje kuona kama mbwa atakufa.

Sanduku la kufuli, mfuniko wa shimo na chanjo ni gharama ndogo kuliko mbuzi mmoja aliyeibwa. Na sumu inayomfikia mbwa leo, kesho itamfikia kuku, na keshokutwa mtoto anayetambaa. Anayeandaa ua kwa ajili ya mbwa anailinda familia yake yote.