Kibarua Asiye na Barua

Kila alfajiri makundi ya vijana husimama nje ya malango ya viwanda vya Athi River, Ruiru na Eneo la Viwandani jijini Nairobi. Msimamizi hutokeza, akanyosha kidole: wewe, wewe na yule. Wasioteuliwa hurejea makwao kwa miguu, kama walivyokuja. Watu hawa tunawaita vibarua. Nami, kwa kuwa kazi yangu ni kuchunguza maneno, naomba msomaji aniruhusu nilichambue hili moja.

Kibarua, kwa asili, ni barua ndogo. Hapo zamani mtu aliyekodiwa kwa siku alipewa kikaratasi, akakirejesha alipolipwa ujira wake. Hatimaye jina la karatasi likamhamia aliyeishika. Hata hivyo, sarufi yetu haikukubali kumgeuza mtu kuwa kitu: twasema "kibarua amefika", wala si "kimefika". Kinachoota nyasi ni kazi, si mtu. Je, viwanda vyetu vina adabu kama hiyo ya sarufi?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inajaribu kuwa nayo. Kwa mujibu wa kifungu cha 2, kibarua ni yule anayelipwa mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Kifungu cha 37 kinaongeza kwamba akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimia mwezi mmoja, mkataba wake huhesabiwa kuwa wa mshahara wa mwezi, na siku ya mapumziko na sikukuu huingizwa katika hesabu hiyo.

Sasa tutazame yanayotendeka. Kijana mmoja niliyemfundisha kabla sijajiunga na chuo kikuu ametumikia kiwanda kimoja kwa miaka tisa. Kila mwezi unapokaribia kutimia, huambiwa apumzike siku chache, kisha huitwa tena kuendesha mashine ile ile. Hana likizo ya malipo, na akiugua siku mbili, hukuta mwingine mahali pake. Nilipomwuliza kwa nini halalamiki, alinijibu: "Mwalimu, nitalalamika kama nani? Mimi ni kibarua tu." Hilo neno "tu" lilinisumbua kuliko masaibu yenyewe. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Huyu amechumia juani, na bado analia jua lile lile.

Waajiri nao wana hoja yao. Oda za bidhaa hupanda na kushuka, na kiwanda hakiwezi kulipa mikono isiyo na kazi. Hoja hii ni ya haki pale kazi inapokuwa ya msimu. Lakini mashine inayonguruma usiku na mchana, mwaka baada ya mwaka, haina msimu, na anayeiendesha miaka tisa si wa kupita.

Hapa ndipo sisi walimu na wanafunzi tunapohusika. Kifungu cha 9 kinataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe. Tena, ikiwa mfanyakazi hajui kusoma au haelewi lugha iliyotumiwa, mwajiri analazimika kuhakikisha kwamba ameelezwa kwa lugha anayoielewa. Aidha, Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mbona basi mwanafunzi anamaliza kidato cha nne akijua kuandika insha ya methali, ilhali hajapata kusoma mkataba wa ajira kwa Kiswahili? Mkataba, notisi, fidia na likizo ni msamiati unaostahili nafasi darasani. Idara zetu za Kiswahili nazo zingeweza kutafsiri vifungu hivi kwa lugha nyepesi, vyama vya wafanyakazi vikavibandika karibu na malango hayo ya alfajiri.

Sidai kwamba neno pekee litamlisha mtu. Lakini asiyejua jina la haki yake hawezi kuidai. Kibarua wa kale angalau alikuwa na kikaratasi chake mkononi. Wa leo amerithi jina la barua, na barua yenyewe hajapewa.