Usiwafungie Wenzako Mlango

Leo nimekuja na hasira, kwa hivyo mtanivumilia.

Wiki jana kijana mmoja wa mtaani kwetu alinitumia ujumbe. Anajua kwamba kazi yangu ni kuandika programu. "Kaka, nina kazi ndogo ya haraka," aliniambia. "Nataka programu ya kutuma hadithi kwa majarida ya ng'ambo. ChatGPT inaandika, programu yako inatuma, dola zikiingia tunagawana." Alikuwa ameona kwenye video fulani kwamba majarida ya hadithi za kisayansi yanalipa vizuri na hayaitishi ada.

Nilimkatalia. Akaniambia nina roho mbaya. Kwa vile najua hayuko peke yake, wacha nimjibu hapa hadharani.

Kwanza, kwa wale wasiojua tunazungumzia nini. Liko jarida la Marekani liitwalo Clarkesworld, lililoanzishwa mwaka 2006 na Neil Clarke. Kila mwezi huchapisha hadithi fupi mpya, za kisayansi na za maajabu, na yeyote mwenye intaneti anaweza kuzisoma bure. Limeshinda tuzo ya Hugo mara tatu: 2010, 2011 na 2013. Lakini kwangu mimi sifa yake kubwa ni mlango wake. Huhitaji wakala, huhitaji shahada, huhitaji kujuana na mtu. Unatuma hadithi yako na binadamu anaisoma. Mwaka 2023 lilikuwa likilipa senti 12 za dola kwa kila neno. Hadithi ya maneno 4,000 ni dola 480, karibu shilingi 60,000 za wakati huo. Kumbuka hapo hakuna aliyekuuliza baba yako ni nani.

Sasa ona kilichotokea. ChatGPT ilitolewa Novemba 2022. Kufikia tarehe 20 Februari 2023, jarida hilo lilikuwa limepokea hadithi 700 za watu katika mwezi huo, na nyingine 500 zilizotengenezwa na mashine. Siku hiyo Clarke akafunga mlango. Aliufungua tena mwezi uliofuata, lakini tangu hapo kila mhariri wa aina yake analala jicho moja wazi.

Je, hadithi hizo za mashine zilikuwa tishio kwa uzuri wake? Hata kidogo. Sheila Williams, mhariri wa jarida la Asimov's, alieleza kwamba alipokea kadhaa zenye kichwa kimoja: The Last Hope. Watu tofauti, tumaini la mwisho lile lile! Ubaya wake uko kwenye wingi. Sisi waandishi wa programu tunaujua mchezo huu tangu siku za kwanza za barua taka. Kutuma hakugharimu chochote, kusoma kunagharimu dakika za mtu. Hakuna anayeshiba mchanga, lakini ukiumwaga kwenye gunia la mchele, mwenye mchele analala njaa.

Kijana wangu anadhani anayelala njaa ni Mmarekani. Hapo ndipo anapokosea. Hebu tuzipitie dawa zote zinazopendekezwa, moja baada ya nyingine.

Dawa ya kwanza ni ada. Kila anayetuma alipe dola tatu au tano. Kwa mtu wa New York hiyo ni kahawa. Kwa msichana anayeandika kwa simu kule Kilifi ni chakula cha siku, tena hana kadi ya benki ya kulipia.

Ya pili ni kuthibitisha utambulisho. Clarke mwenyewe aliandika Februari 2023 kwamba huduma za aina hiyo ni ghali kuliko uwezo wa majarida, na kwamba zina mapengo ya kimaeneo, hivyo kuzitumia ni sawa na kupiga marufuku nchi nzima nzima. Unadhani nchi hizo ni zipi? Uswisi?

Ya tatu ni programu za kutambua maandishi ya mashine. OpenAI, wenye ChatGPT yenyewe, waliiondoa ya kwao Julai 2023 kwa sababu haikuwa sahihi vya kutosha. Mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu programu saba za aina hii kwa insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilihesabiwa kuwa za mashine, ingawa ziliandikwa na watu! Yaani ukiandika Kiingereza cha shuleni, safi na cha tahadhari, kama tulivyofundishwa, wewe ni roboti.

Ya nne ndiyo rahisi kuliko zote: mhariri aache kupokea kazi za wageni, awaandikie barua anaowajua. Na anaowajua ni akina nani? Si sisi.

Umeona? Kila dawa inaangukia mgongo ule ule. Mwandishi mwenye jina hatapoteza kitu. Atakayekosa ni yule asiye na jina, asiye na kadi, aliye mbali. Mwaka 2020 Mkenya mwenzetu Shingai Njeri Kagunda alichapishwa na Fantasy Magazine. Njia kama hiyo ni nyembamba tayari. Nani anataka kuitia miiba?

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu nimelisikia: "Mashine hii ilisafishwa kwa jasho la Wakenya, kwa nini tusile nayo?" Ni kweli. Januari 2023 jarida la Time lilifichua kwamba vijana wa Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma uchafu ili ChatGPT iwe na adabu. Dhuluma hiyo inaniuma kama inavyokuuma. Lakini deni ni la kampuni, si la jarida dogo linalowalipa watu wa mbali kwa haki. Ukiibiwa na tajiri, huendi kumlipizia kisasi mama mboga.

Wengine husema ni chombo tu, kama kalamu. Sawa. Lakini wenye jarida wameandika wazi kwamba hawataki kazi ya mashine. Ukiituma kwa jina lako, umedanganya. Hakuna haja ya falsafa hapo.

Nimalizie na siri ndogo. Miaka kadhaa iliyopita nilituma hadithi yangu kwa jarida moja la ng'ambo. Ilihusu mvuvi wa Lamu aliyevua setilaiti. Nilikataliwa kwa mistari miwili. Nilikasirika, kisha nikafurahi, kwa sababu mahali fulani duniani mtu asiyenijua aliketi akaisoma kazi yangu kama kazi ya mtu. Nilikataliwa, lakini nilisomwa. Hicho ndicho kitu tunachokaribia kukipoteza, na hakuna programu itakayotuandikia kingine.

Kwa hivyo, wandani wangu wa kompyuta, mkiletewa kazi kama niliyoletewa mimi, kataeni. Nawe kijana wangu, najua unasoma. Ile hadithi uliyowahi kunisimulia stendi ya matatu, ya nyanya yako na redio iliyotabiri mvua, iandike. Mwenyewe. Nitakusaidia kuisahihisha, na hatugawani hata senti.