Yohane na Moto wa Wasamaria

Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya vilima vya Masisi, kengele ya shule hupigwa, na watoto husimama mstari. Kabla ya hesabu na kabla ya kusoma, wao husali. Mwalimu huanza kwa ishara ya msalaba, nao hufuata kwa sauti moja. Kisha hunyamaza kidogo, ili kila mmoja amwambie Mungu neno lake mwenyewe.

Kimya hicho ni kifupi, lakini kimejaa maneno. Mmoja anaomba mvua isiozeshe maharagwe. Mwingine anaomba ashinde mtihani wa darasa la sita. Mwingine anaomba mbuzi wa baba yake aonekane. Na mmoja, amefumba macho kwa nguvu na kukaza meno, anaomba radi iwapige watu waliochukua ng'ombe wa kwao.

Huko Walikale, chini ya miti mirefu ya msitu, watoto wengine wanasali vivyo hivyo. Wao hawana ng'ombe wengi. Lakini wanalo shamba la mihogo waliloliacha siku ile ya kukimbia, au kaka aliyekwenda Bisie kuchimba kasiterite, yale mawe yenye bati, naye hajarudi.

Je, Mungu anapendezwa na sala hizo zote? Watu wazima wengine hujibu upesi. Husema: Sala ya radi ni dhambi, mtoto huyo na anyamaze. Wengine, hasa wale waliopoteza mali, husema: Mwacheni, Mungu ni Mungu wa haki. Wote wawili wana haraka. Sala ya mtu haipimwi kwa siku moja. Yafaa iangaliwe kama mkulima anavyoangalia mgomba wake: ulikuwaje ulipopandwa, sasa uko namna gani, na je, umepandwa mahali penye maji au juu ya mawe?

Katika Injili yuko mtu mmoja aliyesali sala ya radi. Si mtu mbaya, tena si mpagani. Ni Yohane Mtume.

Yohane na ndugu yake Yakobo walikuwa wavuvi wa ziwa la Galilaya. Walijua kuvuta nyavu usiku, kama wavuvi wa ziwa Kivu wanaotoka na taa zao kutafuta sambaza. Walikuwa watu wa hasira. Bwana Yesu mwenyewe aliwapa jina la utani, akawaita Wana wa Ngurumo, na bila shaka wenzao walicheka, maana jina liliwafaa sana.

Siku moja Yesu alikuwa akisafiri kwenda Yerusalemu. Akatuma watu watangulie katika kijiji kimoja cha Wasamaria, wamtafutie mahali pa kulala. Wasamaria wakakataa. Wayahudi na Wasamaria walichukiana tangu zamani za babu zao. Hawakula pamoja, hawakusali mahali pamoja, na kila upande ulikuwa na masimulizi yake juu ya ubaya wa upande wa pili. Watoto wa Masisi hawahitaji kuelezwa zaidi. Basi Yakobo na Yohane wakakasirika. Wakamwuliza Yesu kama anataka waite moto ushuke toka mbinguni, ukiteketeze kijiji kizima. Kijiji kizima! Pamoja na bibi wazee, na watoto wachanga, na yule mtu mmoja labda aliyetaka kuwakaribisha akaogopa majirani.

Yesu aliwakemea, kisha wakaenda kijiji kingine. Lakini hapa pana jambo ambalo wasomaji wengi hulipita bila kuliona. Yesu aliikataa ile sala, lakini Yohane hakumkataa. Hakumwambia, Rudi kwenu mpaka moyo wako uwe safi. Aliendelea kutembea naye. Na Yohane aliendelea kuomba vibaya: baadaye yeye na ndugu yake waliomba viti vya heshima, mmoja kuume na mmoja kushoto, na Mitume wengine wakawachukia kwa ajili hiyo. Hapo pia Yesu hakuwafukuza.

Siku zikapita. Yohane alikaa karibu na Yesu katika karamu ya mwisho, karibu kabisa, hata aliweza kuegama kifuani pake. Alisimama chini ya msalaba pamoja na Bikira Maria, wenzake wengi walipokimbia. Alimwona Yesu akiwaombea wale waliompigilia misumari. Ukiona hayo kwa macho yako, kuomba moto juu ya kijiji kunakuwa kazi ngumu.

Baada ya Yesu kupaa mbinguni, habari zilifika Yerusalemu kwamba Wasamaria wamelipokea neno la Mungu. Mitume wakachagua watu wawili wa kwenda kwao. Ni nani hao? Petro na Yohane. Yohane yule yule alikwenda kwa Wasamaria wale wale. Safari hii aliwaombea wampokee Roho Mtakatifu, akaweka mikono yake juu ya vichwa vyao. Roho Mtakatifu siku ya Pentekoste alionekana kama ndimi za moto. Basi twaweza kusema kwamba moto alioutaka Yohane ulifika Samaria mwishowe, ila ulikuja kuwasha taa, haukuja kuchoma nyumba.

Nani alimfundisha Yohane sala mpya? Hakuna habari kwamba alikemewa mara ya pili juu ya Wasamaria. Alikaa tu na Yesu. Mtoto wa Goma akipelekwa kukaa na bibi yake Walikale, mwaka haujaisha atakuwa anasema kama bibi, anacheka kama bibi, hata anakohoa kama bibi. Hakuna aliyempa somo la kukohoa. Ndivyo ilivyo kwa mtu akaaye na Kristu. Anasikia Injili Jumapili baada ya Jumapili, anampokea katika Komunyo, anaingia kanisani dakika tano akitoka kuchota maji, anamweleza habari za siku. Polepole anaanza kutaka anachokitaka Kristu. Na mtu huomba anachokitaka.

Wako wanaodhani kwamba ukaribu na Mungu ni wingi wa maneno. Wanapiga kelele usiku kucha kana kwamba Mungu ni kiziwi, na majirani, ambao si viziwi, hawalali.

Wako pia wanaoshika ahadi ya Bwana kwamba rafiki zake wataomba lolote kwa jina lake nao watapewa. Wanasema: Basi rafiki wa Kristu aombe pikipiki, ataletewa pikipiki. Lakini tazameni maneno haya, kwa jina lake. Baba akimtuma mtoto dukani achukue chumvi kwa jina la baba, mwenye duka atampa, naye ataandika deni katika daftari. Mtoto akiomba biskuti kwa jina la baba, mwenye duka atamwuliza: Je, baba yako ndiye aliyesema biskuti? Jina la baba halitumiki kwa kila tamaa ya mtoto. Linatumika kwa neno la baba. Mtoto aliyekaa na baba asubuhi hiyo anajua baba anataka nini. Aliyetoka bila kusikiliza atabahatisha tu.

Katika nchi ya Kongo wako watu walioomba kama Kristu, na majina yao yanajulikana. Mwaka 1964, wakati wa vita vya Simba, Sista Anuarite Nengapeta wa shirika la Jamaa Takatifu alichukuliwa pamoja na wenzake toka Bafwabaka mpaka Isiro. Mkubwa mmoja wa askari alitaka kumlazimisha awe wake. Alikataa. Akapigwa, akachomwa, akauawa usiku wa tarehe 1 Desemba, akiwa na miaka 24. Kabla ya kufa alimwambia mwuaji wake kwamba amemsamehe, kwa kuwa hajui alitendalo. Kila mtoto aliyesoma habari za Ijumaa Kuu anajua neno hilo lilisemwa kwanza na nani. Katika saa ile hakuna mtu awezaye kutunga maneno. Hutoka yale tu yaliyokwisha kuingia. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenye Heri huko Kinshasa, tarehe 15 Agosti 1985.

Karibu zaidi, mjini Goma, alizaliwa Floribert Bwana Chui mwaka 1981. Alisoma sheria, akawa wa jumuiya ya Sant'Egidio. Alikuwa rafiki wa watoto wa barabarani, wale wanaoitwa maibobo, akawasaidia wasome. Kazi yake ilikuwa kukagua bidhaa zinazoingia mpakani. Mwaka 2007 aliletewa fedha ili apitishe chakula kilichoharibika. Akakataa. Alimweleza sista mmoja, rafiki yake, kwamba fedha huisha upesi, na wale watakaokula chakula hicho je? Tena alijiuliza kama yeye anaishi kwa Kristu au haishi. Tarehe 7 Julai alitekwa, na baada ya siku mbili maiti yake ikaonekana. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri huko Roma, katika kanisa la Mtakatifu Paulo. Chakula kile, kama kingepita, huenda kingepandishwa juu ya chukudu na malori mpaka Sake na Masisi, nacho kingeliwa na watoto ambao Floribert hakuwajua kwa sura wala kwa jina. Swali lake linafaa kuitwa sala, na halizaliwi katika siku moja ya shida.

Mambo haya si hadithi za mbali. Mwezi wa tatu wa mwaka 1993, watu waliuawa sokoni Ntoto, katika Walikale, na vita vikapanda mpaka vilima vya Masisi, kabila na kabila, jirani na jirani. Mwezi wa tano wa mwaka 1996, watu waliokimbilia kwa wamonaki wa Mokoto, mahali ambapo zaburi ziliimbwa mchana na usiku tangu mwaka 1954, walishambuliwa wakauawa wengi, na wamonaki wenyewe wakaondoka kwa miaka. Mwaka 2025 askari wa M23 waliingia mji wa Masisi mwezi wa kwanza, na mji wa Walikale mwezi wa tatu, na watu wakabeba tena magodoro kichwani. Wengi katika vita hivyo, wa pande zote, walikuwa wamebatizwa. Walijua Baba Yetu kwa moyo. Lakini mtu anaweza kusema "yetu" kila siku, na moyoni akahesabu watu wa kilima chake tu. Jirani wa kilima cha pili naye anasema "yetu", kwa Baba huyo huyo.

Linabaki swali zito, nalo lisifichwe. Mtoto ameomba baba yake arudi. Ameomba mwezi mmoja, ameomba mwaka. Baba hajarudi. Watu wengine humwambia kwamba imani yake ni ndogo, au kwamba hajasali vizuri. Wanaosema hivyo wanamtesa mtoto bure, na wanasema uongo juu ya Mungu. Yesu mwenyewe, katika bustani ya Getsemani, aliomba kikombe cha mateso kimwondokee. Aliomba akitoka jasho, aliomba mara tatu. Kikombe hakikuondoka. Nani atasema kwamba imani ya Yesu ilikuwa ndogo? Aliomba anachokitaka bila kuona haya, kisha akamwachia Baba neno la mwisho. Malaika alikuja kumtia nguvu, lakini msalaba ulibaki pale pale. Mtoto anayelia mbele ya Mungu kwa ajili ya baba yake yuko mahali ambapo Kristu alipiga magoti. Hawezi kuwa karibu naye kuliko hapo.

Na yule wa radi? Tumwache aendelee kusali. Afadhali amwambie Mungu hasira yake kuliko kumwambia kaka yake mwenye bunduki. Bibi yake, ambaye amezika watu wengi, hamkemei. Kila jioni, moto ukiwa umebaki makaa, bibi hutaja majina: waliokufa, waliopotea, wagonjwa, mbuzi mwenye mimba. Mwishoni huongeza, kwa sauti ile ile, waliochukua ng'ombe. Mjukuu hunyamaza hapo. Jana bibi alipofika kwenye neno hilo alisimama kidogo, kama aliyesahau, akangoja. Mtoto akatazama makaa muda mrefu, akalisema yeye, upesi, bila kuinua kichwa. Kisha akauliza kama viazi vimeiva.