Uraibu wenye manufaa kwa visiwa vyetu

Wako watu wanaoamini kwamba kila jambo linalofanywa baada ya saa za kazi, lisilokuwa na mshahara ndani yake, ni upuuzi na kupoteza wakati. Sisi hatukubaliani na rai hiyo. Mtu anayejifunza kwa mapenzi yake mwenyewe mara nyingi hujua zaidi kuliko yule anayefundishwa kwa kulazimishwa, na elimu yake, ikiongozwa vyema, huwa ni mali ya jamii nzima. Leo tunapenda kuzungumzia uraibu wa namna mbili ambao kwa kuutazama juu juu hauna udugu: kuboresha vigari vya umeme vya gofu, na kuchagua saa ya mkono ya kuvaa kila siku. Tunasema kwamba wote unafundisha jambo moja ambalo visiwa vyetu vinalihitaji sana, nalo ni kukijua kitu na kukitunza.

Vigari hivyo vilibuniwa kwa ajili ya kuwabeba wachezaji wa gofu, lakini vimekwisha kutoka viwanjani zamani. Katika mji wa Avalon, kisiwani Catalina, Marekani, ambako idadi ya motokaa imewekewa mpaka, vigari hivyo ndivyo vinavyowachukua wenyeji katika shughuli zao. Hali ni kama hiyo katika mji wa San Pedro nchini Belize. Hapa kwetu huonekana zaidi katika hoteli za pwani, vikichukua wageni na mizigo yao. Kigari cha namna hiyo kinapochakaa na kuingia mikononi mwa mtu mwenye hamu ya ufundi, ndipo kazi inapoanza.

Kwa kawaida kigari hiki huendeshwa kwa umeme wa volti 36 au 48, unaotoka katika betri za risasi, aghalabu sita, zilizounganishwa moja baada ya nyingine. Uzito wa betri sita peke yake huweza kufika kilo 170. Anayetaka kukiboresha huanza hapo: huziondoa na kutia betri ya lithiamu, ambayo uzito wake ni kama theluthi moja tu, na ambayo hustahimili kuchajiwa mara elfu kadhaa, hali ya kuwa zile za risasi huhesabiwa kwa mamia. Lakini aliye makini hugundua jambo jingine, kwamba betri nyingi za zamani hazikufa bali ziliuliwa. Ziliachwa zikakauka maji, zikalazwa wiki nzima bila ya chaji, na vichwa vyake vikaliwa na hewa ya chumvi. Mtu huyo hujifunza kupima kwa mita badala ya kukisia, na kutia maji ya betri badala ya maji ya bomba.

Hata hivyo, hatuwezi kusifu bila ya kuonya. Kigari cha kawaida huenda mwendo wa kilomita 20 hadi 24 hivi kwa saa, na mara nyingi breki zake ziko kwenye magurudumu ya nyuma tu. Mwenye kubadilisha mota ili kiende mbio maradufu, akaziacha breki zile zile, hakukiboresha. Amekifanya hatari kwa watoto wanaotoka chuoni na wazee wanaokwenda msikitini. Marekani iliweka kanuni mwaka 1998 kwamba gari dogo la aina hiyo lenye kasi ya zaidi ya kilomita 32 kwa saa, lakini isiyozidi 40, liwe na taa, vioo vya kutazamia nyuma na mikanda ya usalama. Vilevile, kuichaji betri ya lithiamu kwa chaja isiyokuwa yake, au kukiondoa kifaa kinachoilinda, ni kuukaribisha moto ndani ya nyumba. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, ambamo gari la zimamoto halipiti kila mahali, moto wa nyumba moja ni msiba wa mtaa mzima.

Lililo kubwa zaidi ni zile betri za risasi zilizotolewa. Je, zinakwenda wapi? Zikivunjwa kwa nyundo uani ili risasi iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na tindikali ikamwagwa chini, madhara yake hayabaki uani. Unguja imekaa juu ya mawe ya matumbawe yanayopitisha maji kwa wepesi, na maji tunayokunywa kwa sehemu kubwa hutoka chini ya mawe hayo hayo. Risasi ni sumu inayodhuru ubongo wa mtoto anayekua, na Shirika la Afya Duniani limekwisha kueleza kwamba hapana kiwango chake kinachojulikana kuwa ni salama. Na ajabu ni kwamba betri hiyo si lazima iwe taka, kwa kuwa ikikusanywa nzima na kupelekwa kwenye kiwanda kinachofaa, risasi yake huyeyushwa na kutumika tena.

Uraibu wa pili ni wa kitu kidogo zaidi. Kampuni ya Seiko ya Japani ilipoanza kuuza saa ya mkono ya kwatzi tarehe 25 Disemba 1969, bei yake ilikaribia bei ya motokaa ndogo. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1989, Casio ilitoa saa yake ya F-91W, yenye uzito wa gramu 21, ambayo betri yake hudumu kiasi cha miaka saba na ambayo hukosea sekunde 30 tu kwa mwezi. Kwa hivyo saa sahihi si mali ya matajiri tena. Wako wengine wanaopenda saa za kujazwa kwa mkono au za kujijaza zenyewe, ijapokuwa hukosea sekunde kadhaa kila siku, kwa sababu fundi anaweza kuifungua saa ya babu, akaisafisha, akatia mafuta na kuirudisha kazini.

Kuchagua saa ya kila siku ni kujiuliza unaihitajia nini. Mvuvi asidanganyike na maandishi ya mita 30 nyuma ya saa. Maandishi hayo maana yake ni kustahimili marasharasha, si kuzama kina hicho, na saa ya mzamiaji huanzia mita 100. Muuguzi anahitaji mshale wa sekunde ili ahesabu mapigo ya moyo. Mkanda wa ngozi huoza kwa jasho na maji ya bahari, lakini wa nailoni au wa mpira hudumu. Na sisi tunaohesabu saa kwa desturi yetu, mshale ukiwa kwenye saba tukasema ni saa moja, tunafaa kuwa na uso ulio wazi, kwani ni wepesi zaidi kutazama upande wa pili wa duara kuliko kuzigeuza tarakimu za 19:00. Mwenye kuyafikiri hayo hununua saa moja ikamfaa miaka mingi, wala hanunui tano za kumetameta zikamfia moja baada ya moja.

Hapo ndipo uraibu huu unapokutana. Sisi watu wa visiwani karibu kila chombo tunacholetewa huvuka bahari, na kila kinachoharibika kabla ya wakati wake ni fedha iliyotupwa majini. Umeme kutoka bara ulipokatika mwezi wa Mei 2008, Unguja ilikaa kiasi cha mwezi mzima gizani, na ikarudi gizani tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010. Siku kama hizo, mtu anayejua kuitunza betri ana thamani kubwa. Tena jumba la Beit el Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 na ambalo mnara wake wa saa ulijulikana na kila mwenyeji, sehemu yake kubwa iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020, likiwa katika matengenezo, na roho za watu zikapotea. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na safari nyingine hata ukuta haupatikani.

Kwa hivyo tunaiomba Serikali mambo matatu. Kwanza, kila muuza betri awe na wajibu wa kuipokea ile kuukuu anapouza mpya, na pawe na mahali maalumu pa kuzikusanya, Unguja na Pemba. Vidonge vya betri za saa visisahauliwe, kwa kuwa mtoto akimeza kimoja huweza kumchoma umio kwa muda wa saa chache. Pili, kigari chochote kilichobadilishwa kikaguliwe breki, taa na nyaya zake kabla ya kuruhusiwa kupita njia za watu, na kanuni zake ziandikwe kwa Kiswahili chepesi. Tatu, vituo vya mafunzo ya amali vifungue madarasa ya jioni ya betri na ya saa, na mafundi wakongwe walipwe ili wafundishe maadamu mikono yao ingali na nguvu.

Nao wenye uraibu huu tunawakumbusha kwamba ujuzi wao una deni. Wasiuze kasi bila ya breki, wala wasiifiche betri mbovu nyuma ya ukuta wa jirani. Wakifanya hivyo kwa uaminifu, na wakubwa wakawasikiliza, kile kinachoitwa mchezo leo kitakuwa ajira kwa vijana wetu na usalama wa visima vyetu.