Waya za 'dhahabu' haziongezi utamu wa muziki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa huu wa wasomaji ili nitoe dukuduku langu kuhusu waya za spika zinazouzwa mijini kwa bei ya kuruka. Naomba pia nitubu mbele ya wananchi wenzangu, maana nami nimewapotosha watu watatu katika jambo hili.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini. Ninayo amplifaya na spika mbili kubwa za mbao alizoniachia marehemu baba. Kijiji chetu kilipopata umeme nilizipangusa vumbi, nikazifunga sebuleni kwa waya za zamani nilizozikuta stoo, nikaweka muziki wa dansi. Sauti ilitoka, lakini haikuwa na kifua. Besi haikuwapo, na mwimbaji alisikika kama yupo chumba cha pili na mlango umefungwa.

Nilipokwenda mjini benki nikaingia katika duka moja la vifaa vya muziki. Mwenye duka alinisikiliza kwa makini kama mganga, kisha akasema ugonjwa ni waya. Akanitolea waya nene kama kidole, zimevikwa nguo ya kusuka mfano wa ngozi ya chatu, vichwa vyake vinameta dhahabu. "Hii ni shaba tupu, mwalimu. Hizi zinafungua sauti." Meta kumi, tano kwa kila spika, shilingi 140,000. Fedha ile tulikuwa tumeiweka kwa ajili ya mabati ya jiko. Nikalipa.

Ndugu Mhariri, sitasema uongo: nilipozifunga muziki ulibadilika. Besi ilirudi, na mwimbaji akaja akasimama katikati ya sebule. Majirani walifurika, nami nikawa mhubiri wa waya. Mwalimu mwenzangu alichukua mkopo katika chama chetu cha kukopeshana akanunua kama zangu. Kinyozi wa pale senta akafuata. Mzee mmoja mstaafu aliuza mbuzi wawili. Mama watoto peke yake ndiye aliyesema, "Baba Neema, hebu rudisha zile za zamani tusikie." Nilimcheka.

Baada ya miezi kadhaa nilikuwa nawafundisha Darasa la Sita namna ya kufanya jaribio, kama mkufunzi wetu wa sayansi alivyotufundisha chuoni: ukitaka kujua kama mbolea inafaa, badili mbolea tu; udongo, maji na mbegu viwe vilevile. Nikiwa na chaki mkononi nikajiuliza, je, mimi nyumbani nilibadili waya tu? Jioni ile nilirudisha waya za zamani, safari hii nikifuata rangi kwa uangalifu: chanya kwenye nyekundu, hasi kwenye nyeusi. Muziki ulitoka mtamu vilevile!

Kumbe mara ya kwanza spika ya kushoto niliifunga kinyume. Spika inafanya kazi kwa kusukuma hewa na kuivuta. Moja ikifungwa kinyume, wakati ya kulia inasukuma ya kushoto inavuta, na sauti nene za besi zinauana kabla hazijafika sikioni. Waya za dukani zilikuwa na alama kubwa za rangi, basi nikazifunga sawasawa bila kujua. Kazi aliifanya rangi, sifa akapewa waya. Msomaji ambaye redio yake haina besi na afanye hivi kabla ya kufungua mkoba: azime amplifaya, ageuze ncha mbili za spika moja tu, kisha asikilize. Hailipiwi hata senti tano.

Sikutaka kuamini upesi. Nilimwomba mama watoto atundike khanga mbele ya amplifaya, abadili waya au aziache bila kuniambia, nami nitaje zipo zipi. Kila mara alizima kwanza, kwa sababu nyuzi mbili zikigusana amplifaya ikiwaka inaweza kuungua. Mara kumi na mbili nilijibu, nikapata sita. Hata mtu anayerusha sarafu angepata hizo. Mwalimu mwenzangu alipata tano na akanuna.

Ndipo nikachukua wembe nikakwangua uzi mmoja wa ile "shaba tupu". Chini ya wekundu mwembamba kulikuwa na weupe. Ni alumini iliyopakwa shaba! Nyuzi zenyewe zilikuwa kidogo sana. Unene wote ule ulikuwa mpira na nguo.

Sasa hesabu yenyewe, na mwanafunzi wa Darasa la Saba anaweza kuifuata. Waya wa shaba wenye milimita moja ya mraba una ukinzani wa omu 0.017 hivi kwa kila meta. Wa alumini ni kama omu 0.027. Spika za nyumbani nyingi ni za omu 4 au 8, nayo huandikwa mgongoni. Spika ikiwa meta tano kutoka kwenye amplifaya, umeme unakwenda tano na kurudi tano. Kwa shaba ya milimita 1.5 ukinzani wote ni kama omu 0.11. Mbele ya spika ya omu 8 hicho ni kitu gani? Sikio halikijui. Hata hiyo alumini isingeharibu sauti sebuleni kwangu. Ubaya wake ni kuuzwa kwa jina la shaba.

Na dhahabu? Dhahabu inapitisha umeme vibaya kuliko shaba. Sifa yake ni kwamba haishiki kutu, kwa hiyo kichwa kilichopakwa dhahabu kina faida kwa mtu wa pwani, ambako chumvi inakula kila kitu. Lakini kupangusa ncha na kukaza skrubu kunatosha kwa wengi wetu.

Wala tusidhani wanaodanganywa ni watu wa kijijini tu. Huko Marekani, mwaka 2007, zilikuwapo waya za spika zenye bei ya zaidi ya dola 7,000. James Randi, mtu aliyejulikana kwa kufichua wadanganyifu, alitangaza kuwa yupo tayari kutoa dola milioni moja kwa atakayeweza kuzitofautisha na za kawaida kwa kusikiliza tu, bila kuziona. Maneno yalikuwa mengi, lakini jaribio halikufanyika.

Lakini sisemi waya haina kazi. Waya haiwezi kuongeza utamu, inaweza kuupunguza. Katika mikutano ya wazazi shuleni kwetu spika hutundikwa chini ya mwembe, meta arobaini kutoka ofisini, kwa waya mwembamba wa milimita 0.75. Kwenda na kurudi ni meta themanini, omu 1.8. Spika ikiwa ya omu 4, nguvu inayoifikia haifiki nusu ya ile ambayo ingeipata ikiwa jirani na amplifaya. Hapo ndipo wazazi wa nyuma wanapolalamika hawasikii, na hapo ndipo waya wa shaba wa milimita 2.5, wa kawaida, unapostahili fedha. Na redio ikinguruma unapochomeka simu, mara nyingi ni ule waya mwembamba wa kuchomekea umekatika ndani. Badili huo, usibadili kila kitu.

Ninaloomba kwa wanaosimamia viwango na biashara ni dogo. Kila waya wa spika unaoingia sokoni uandikwe kwa Kiswahili, waziwazi, kama ni shaba au ni alumini iliyopakwa shaba, na milimita zake za mraba ni ngapi. Mnunuzi asilazimike kwenda dukani na wembe.

Yule mwenye duka alikataa kupokea waya zake kwa kuwa nimezikwangua. Kinyozi anacheka tu. Mzee wa mbuzi nimempelekea jike moja mwenye mimba, akapokea. Mwalimu mwenzangu bado anadaiwa na chama mpaka mwezi wa tisa, na tumekubaliana nusu ya marejesho nilipe mimi. Mabati ya jiko yatasubiri, na mvua zikinyesha mama watoto anapikia barazani, karibu na spika.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilosa, Morogoro.